Mama wa Mwenye Nyumba

Wapangaji wengine wa jengo lile la Moabit, mjini Berlin, walipopata barua zao kutoka kwa mwenye nyumba mpya walikasirika, na mmoja alilia hadi akashindwa kwenda kazini. Roswitha Polenz aliisoma ya kwake mara tatu, amesimama jikoni, viatu vya nje bado miguuni, kisha akauliza: "Huyu mama ni nani?"

Mumewe Eckhard alikuwa mezani akimenya viazi. Alikuwa ametengeneza breki za treni za chini ya ardhi kwa miaka thelathini na sita, na kila jambo la maisha alilipokea kama alivyozoea kupokea breki mbovu: kimya kimya, huku akitafuta bisibisi.

"Mama gani?"

"Mama wa mwenye nyumba. Sikiliza." Roswitha alisogeza miwani. "'Ninaihitaji fleti hiyo kwa ajili ya mama yangu mzazi, Bi. Irmtraud Wiechmann, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja, ambaye kutokana na hali ya afya yake anahitaji kuishi karibu nami.' Tumepewa miezi tisa tuwe tumetoka."

Eckhard aliweka kisu chini. Kiazi kilibaki mkononi mwake, nusu kimemenywa.

"Miaka arobaini na moja tumekaa hapa," alisema.

"Ghorofa ya tatu, Eckhard! Hakuna lifti. Bibi mgonjwa wa miaka themanini na mmoja apande ngazi hizi afanye nini?"

"Mimi nina sabini na nne na ninapanda."

"Wewe unapanda unahema kama injini ya makaa. Tena wewe ulizianza kijana, zimekuzoea."

Jengo lilikuwa limeuzwa mwezi wa pili. Mnunuzi, Torsten Wiechmann, daktari wa meno, alikuja mara moja tu, akampa kila mtu mkono, akasifu mbao za sakafu. Roswitha, aliyekaa kwenye kaunta ya duka kubwa miaka thelathini akipitisha bidhaa za watu na kujua nani ameachwa na mke na nani ana mimba kabla wenyewe hawajatangaza, alimwona siku ile akihesabu madirisha. Hakujua anayahesabia nini. Sasa alijua, ila kujua nusu kulimkera kuliko kutojua kabisa.

Mwanasheria wa chama cha wapangaji, mwanamke mmoja mwenye mafua, aliisoma barua huku akipenga.

"Sheria inamruhusu kuichukua nyumba kwa ajili ya mzazi wake," alisema. "Lakini iwe kweli mzazi anaihitaji. Kama ni uongo, wa kuonyesha uongo ni nyinyi."

"Tuonyeshe vipi?"

"Hapo ndipo penye kazi. Kwanza mtaandika pingamizi, nitawasaidia. Na tafadhali, Bi. Polenz, msiende kumsumbua mtu yeyote."

"Tutamsumbua nani sisi!" alisema Eckhard.

Roswitha aliikunja barua, akaitia mfukoni.

*

Wakati pingamizi linasubiri majibu, walianza kutafuta nyumba, maana Eckhard hakutaka kukutwa usingizini. Huko Spandau, pembeni mwa jiji, walikuta foleni imeanzia mlango wa fleti, ikashuka ngazi zote, ikatokea barabarani. Mbele yao walikuwa vijana wawili wenye faili lenye picha zao wakiwa wamekumbatiana na mbwa. Nyuma yao msichana mmoja alikuwa akikariri kwa sauti ya chini maneno ya kumwambia dalali.

Dalali mwenyewe alikuwa mtoto wa watu, suruali fupi, kifundo cha mguu nje. Alichukua fomu yao, akaitazama tarehe ya kuzaliwa ya Eckhard, akatabasamu kama mtu anayetabasamia picha ya zamani.

"Mna mpango wa kukaa muda mrefu?" aliuliza.

"Mpaka nife," alisema Eckhard.

"Sawa kabisa. Na mambo unayoyapenda ni yapi? Mwenye nyumba anapenda kuwafahamu watu. Muziki, safari, michezo..."

Eckhard alifikiri. Roswitha aliyaona masikio yake yakigeuka mekundu polepole.

"Breki," alijibu.

Dalali akaandika.

Treni ya kurudi ilifika kituo cha nne. Hapo Roswitha akasema, "Kile kitabu chetu cha simu cha zamani bado kiko stoo?"

"Rosi."

"Nimeuliza kitabu tu."

"Wewe ukiuliza kitabu, kesho uko mlangoni kwa watu. Mwanasheria amesema nini?"

"Amesema tusimsumbue mtu. Kumtazama mtu si kumsumbua."

*

Katika kitabu hicho, kwa Berlin nzima alikuwapo Irmtraud Wiechmann mmoja tu, na alikaa Steglitz, kusini mwa jiji. Roswitha alioka keki ya plamu, akaikata nusu, akaifunga kwenye karatasi ya jiko, akapanda treni kituo cha Turmstraße. Hakuwa na mpango. Njiani alijaribu kutunga maneno, yote yakasikika kama ya mtu anayeuza bima. Alichotaka hasa ni kuiona sura ya mtu atakayelala chumbani kwake.

Mtaa ulikuwa mtulivu mno, hata akazionea haya hatua zake mwenyewe. Alibonyeza kengele. Mlango ulifunguliwa na bibi mfupi mwenye nywele nyeupe zilizokatwa kama za mvulana, suruali imekunjwa hadi magotini, miguu inachuruzika maji.

"Umechelewa robo saa," alisema yule bibi. "Maji yameshapoa."

"Samahani?"

"Yule mwenzako aliyeko likizo haji hata dakika moja nyuma. Ingia, ingia, usiniachie mlango wazi. Na vifaa viko wapi? Umekuja kukata kucha kwa keki?"

Hapo ndipo Roswitha angeweza kusema. Mdomo wake ulifunguka kabisa useme. Lakini nyuma ya yule bibi aliona korido, na mwisho wa korido aliona kiti kimoja mbele ya beseni, na kitu fulani ndani yake kikamsukuma.

"Nimevisahau," alisema.

"Basi vyangu viko droo ya bafuni. Vijana siku hizi!"

Roswitha, mwenye miaka sitini na saba, alifurahi kuitwa kijana. Alipiga magoti kwenye taulo, akaushika mguu wa mama wa mwenye nyumba. Alikuwa amemuuguza mama mkwe wake miaka sita, hivyo miguu ya wazee haikumtisha. Kucha zilikuwa ngumu kama pembe, akazikata kidogo kidogo. Fikra ilimpitia kwamba yule anayemfukuza angefurahi sana kumwona hivi. Ajabu ni kwamba haikumuuma. Alikuwa ameshughulika kuangalia vifundo: vikavu, vyembamba, bila uvimbe hata kidogo.

"Afya yako inaonekana nzuri," alisema.

"Presha kidogo, kama kila mtu. Kinachoniua ni kimya. Sikia." Wote wawili walisikiliza. Hapakuwa na kitu. "Unaona? Mchana kweupe. Juu yangu amekaa profesa anayetembea kwa soksi, chini yangu hakuna mtu. Redio inanijua kuliko majirani."

"Hujafikiria kuhama?"

"Nihamie wapi?"

"Mwanao hajakwambia kitu?"

"Torsten? Torsten mara ya mwisho alikuja Pasaka. Unamjuaje Torsten?"

Kengele ililia. Roswitha hakuhitaji kuambiwa ni nani. Mlangoni alisimama mwanamke mnene mwenye mkoba mweusi na koti jeupe, akiomba radhi kwa sababu treni imechelewa.

Bibi Irmtraud aliwatazama kwa zamu, yule wa mlangoni na yule aliyeshika mkasi.

"Haya," alisema taratibu. "Sasa wewe ni nani?"

Roswitha alitoa barua mfukoni, maana hakukuwa na namna fupi zaidi ya kueleza. Bibi alichukua kioo cha kukuzia, akaisoma mstari kwa mstari, huku yule mwanamke mwenye mkoba amekwishapiga magoti na kuukagua mguu.

"Hizi amezikata nani?" aliuliza yule mwanamke. "Zimekatwa vizuri."

Bibi alirudisha kioo kwenye mstari mmoja.

"'Kutokana na hali ya afya yake,'" alisoma Irmtraud kwa sauti. Aliiweka barua magotini. Roswitha alingoja kilio, au kelele, au kufukuzwa. Bibi akauliza: "Jikoni pana dirisha?"

"Lipo. Linaangalia ua."

"Na sebuleni?"

"Barabarani."

"Nitakuja Jumamosi," alisema. "Kama nimeshahamishwa, acha nione ninakopelekwa. Na hiyo keki iache."

*

Eckhard aliposikia alishika kichwa. Alisema mke wake ana pua ndefu kuliko akili, na kwamba kesho wataandikiwa barua nyingine ya kuvamia wazee. Lakini Jumamosi ilipofika alishuka mwenyewe na kiti cha jikoni, na kila walipopanda ngazi kumi na mbili alikiweka, Bi. Irmtraud akakaa, kisha Eckhard akakinyanyua tena.

"Mzee, unanibeba kama malkia," alisema bibi.

"Kiti ndicho ninachobeba, Bi. Wiechmann. Wewe unajibeba mwenyewe."

Kwenye ghorofa ya kwanza walipishana na vijana wawili wenye masanduku ya magurudumu, waliokuwa wakibonyeza namba kwenye kufuli na kucheka. Irmtraud aliuliza ni jamaa za nani. Roswitha alimweleza kuwa pale alikuwa akikaa Bwana Kosmalla, fundi saa. Alipokufa, fleti haikupata mpangaji tena, ikawa ya wageni wa siku tatu tatu. Kwenye ghorofa ya pili, nyuma ya mlango, mume na mke walikuwa wakigombana juu ya nani amemaliza shampuu. Irmtraud alikaa kwenye kiti chake hadi ugomvi ukaisha.

"Ni mume," alinong'ona. "Ana sauti ya mtu aliyeimaliza."

Juu, hakutazama dari wala mabomba. Alivuta kiti hadi dirishani akakaa kwa saa tatu nzima. Nani yule mwenye kofia? Kwa nini wale wanakaa mkahawani na kompyuta nusu siku kwa kikombe kimoja? Pale palikuwa na nini zamani? Palikuwa na mwoka mikate. Na pale? Duka la rangi. Nurhayat, fundi cherehani wa duka la chini, alipanda kuleta pazia alilolishona, naye akazuiwa, akakalishwa, akahojiwa: ametoka wapi, ana watoto wangapi, suruali ngapi kwa siku.

"Nipo mpaka Desemba tu, bibi," alisema Nurhayat. "Baada ya hapo sijui. Mkataba wa duka hauna kinga kama wa nyumba. Mwenye jengo hataki kuuendeleza."

"Mwenye jengo ni mwanangu," alisema Irmtraud.

Nurhayat alimgeukia Roswitha, pazia bado mkononi. "Dada, ungeniambia!"

"Ungeongea hivyo kama ningekwambia?"

Jioni, wakati wa kuaga, Irmtraud alishika mikono yote miwili ya Roswitha. Macho yake yalikuwa yanang'aa.

"Nimeipenda," alisema.

"Keki?"

"Nyumba. Nimeipenda kweli kweli. Siwezi kukudanganya, mwenzangu, baada ya ukarimu huu. Mwanangu alisema uongo, lakini sasa nikiulizwa kama nataka kuhamia hapa, nitasema ndiyo."

*

Usiku ule na siku zilizofuata Eckhard hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alianza kufungasha. Alitoa vyombo vya kabati la juu, akavizungushia magazeti kimoja kimoja.

"Haya, tukane," Roswitha alisema siku ya tatu. "Usinifungashie sahani mbele ya macho."

"Nikutukane nini? Walikuwa na uongo. Uongo una nyufa. Wewe umeuchukua ukaulisha keki, ukausindikiza ngazini, na mimi mjinga nikaubebea kiti. Sasa ni kweli."

"Nilitaka kujua tu."

"Umeshajua."

Roswitha alimwacha na sahani zake. Alikaa dirishani pale alipokaa yule bibi, akajaribu kumchukia, akashindwa. Alichoona ni kwamba alimwelewa. Naye angesema ndiyo.

Jumapili iliyofuata Torsten Wiechmann alikuja na mama yake kupima jiko. Alikuwa mtu wa miaka hamsini, mpole, sauti ya kuwatuliza watu kabla ya sindano. Mama alikuwa bado ngazini. Mwana alitangulia, amebeba kifaa kidogo cha kupimia kinachotoa doa jekundu ukutani.

"Lazima niwashukuru," alisema. "Tangu mlipomwonyesha nyumba, mama amechangamka ajabu. Samahani mzee, unaweza kusogea kidogo? Bado kidogo. Asante."

Eckhard alisogea kutoka kiti chake mwenyewe, akasimama kando ya friji kama mtu aliyekuja kurekebisha kitu. Doa jekundu lilipita juu ya kabati, juu ya kalenda, juu ya shati lake.

"Kabati hili mtaliacha?" aliuliza Torsten.

"Nililitengeneza mimi."

"Ndiyo, linaonekana. Tutaliondoa, msijali."

Roswitha alitazama saa. Zilikuwa zimepita dakika ishirini. "Mama yako amepanda na nani?"

"Peke yake. Anapenda kwenda taratibu."

"Bila kiti?"

Eckhard alikuwa ameshafika mlangoni, kiti mkononi. Wakamfuata wote, na wakamkuta Irmtraud ghorofa ya kwanza, ameketi juu ya ngazi, fimbo magotini, anaukodolea macho ule mlango wenye kufuli la namba.

"Mama! Umeanguka?"

"Ninapumzika. Torsten, humu ndani yumo nani?"

"Wageni, mama. Leo hakuna, wengine wanaingia kesho."

"Fungua."

"Mama, hapana kitu, ni..."

"Kama hapana kitu, hakuna cha kuficha. Fungua."

Torsten alibonyeza moja, tisa, nne, tatu. Kufuli lililia. Mama yake alikuwa amezifuata namba kwa macho.

"Umeweka mwaka wangu wa kuzaliwa."

"Ili nisisahau," alisema Torsten, na uso ukamwiva.

"Vizuri. Kumbe unanikumbuka kila unapobadilisha mashuka."

Ndani kulinuka sabuni ya hoteli. Ukutani palikuwa na picha ya mnara wa televisheni, mezani chokoleti mbili ndani ya kikapu. Irmtraud alipita bila kuvitazama, akafungua dirisha. Kelele za barabara ziliingia zote kwa pamoja: mwanamke alikuwa anamwambia mwenzake kwenye simu kwamba harusi haipo tena, haipo, na asimuulize kwa nini.

Bibi aliinua kidole watulie. Alisikiliza hadi yule mwanamke akapita.

"Kule juu naona vichwa tu," alisema. "Hapa nasikia na maneno. Tena ni ghorofa moja tu ya kupanda. Naitaka hii."

"Mama, hii ndiyo inayosaidia kulipa mkopo wa benki. Tulishakubaliana ya juu."

"Tulikubaliana lini? Uliandika kwamba unahitaji nyumba kwa ajili ya mama yako. Mama yako ndiye mimi, na mimi nahitaji hii. Sasa ile ya juu ilikuwa haja ya nani?"

Torsten alikizima kifaa chake cha kupimia. Alimtazama Roswitha, kisha Eckhard aliyesimama mlangoni na kiti chake, kisha viatu vyake mwenyewe. Roswitha alikuwa amengoja dakika hii kwa wiki nyingi, na ilipofika hakuona mwenye nyumba. Aliona mtoto wa mtu, mkubwa mwenye mvi, aliyekamatwa. Alitazama pembeni asimwongezee aibu.

"Kaa, Bi. Wiechmann," alisema Eckhard, akaweka kiti.

*

Barua ya kufuta notisi ilikuwa na mistari miwili, bila salamu. Mwanasheria aliisoma, akauliza waliwezaje. Roswitha akasema hawakumsumbua mtu.

Eckhard alirudisha sahani kabatini. Ilimchukua wiki, maana kila aliyoifungua aliishika kwanza. Hakuomba radhi wala hakuombwa, ila asubuhi moja alimwekea mkewe kahawa dirishani, akauliza yule mwenye kofia ya manyoya ni nani. Torsten alipokuja hakuwasalimia tena kwa mkono, na fundi mmoja alionekana uani akipimapima mahali pa kuweka lifti. Watu walijua kwamba lifti maana yake ni kodi kupanda. Hilo lilikuwa linakuja.

Irmtraud alihamia Novemba na viti viwili, redio, na mapazia manne ya Nurhayat. Hata kabla ya Krismasi alijua mambo ya jengo ambayo Roswitha hakuyajua kwa miaka arobaini na moja, na Roswitha alimwonea wivu kidogo.

Siku ya mwisho ya mwaka walikuwa wote wawili kwenye dirisha la ghorofa ya kwanza. Chini, Nurhayat na shemeji yake walikuwa wanatoa cherehani dukani, wanazipanga ndani ya gari. Meza ya kukatia haikupita mlangoni. Waliigeuza, wakaijaribu kwa upande, mwishowe wakaing'oa miguu.

"Anakwenda wapi?" aliuliza Irmtraud.

"Marienfelde. Amepata chumba nyuma ya duka la binamu yake. Wateja wake wengi hawatamfuata huko."

"Na hapa anaingia nani?"

"Hatujui. Wengine wanasema mvinyo, wengine wanasema mkahawa wa mbwa."

"Wa mbwa?"

"Ndivyo wanavyosema."

Nurhayat aliinua macho, akawaona, akapunga mkono ulioshika futi ya kitambaa. Roswitha alipunga. Irmtraud hakupunga. Alikuwa akiutazama ule mlango mtupu, nyuzi za rangi zimetapakaa kizingitini.

"Mwanangu anajua anayeingia," alisema.

Alichukua simu, akalitafuta jina kwa kioo cha kukuzia, akaiweka mezani kati yao, sauti imefunguliwa yote ili Roswitha naye asikie. Iliita mara nne.

"Mama? Kuna nini?"

"Hakuna," alisema Irmtraud. "Nina swali."